Tumechoma askari, tunanunua dawa

Duka la pembejeo lina harufu yake. Ukipita Masasi au Newala msimu wa kupiga dawa mikorosho, pua inakuonyesha mlango kabla macho hayajasoma kibao. Harufu hiyo hukaa kwenye shati hata ukilifua mara mbili, na tumeizoea kiasi kwamba mkulima akifungua chupa isiyonuka anashuku ameuziwa maji. Mimi mwenyewe nina minazi, miembe na michungwa ya urithi karibu na Pangani, na kwa miaka mingi nimekuwa mteja mzuri wa duka la namna hiyo. Nakiri hilo mapema, maana nitakayoyasema yananigusa mimi kwanza.

Shambani kuna harufu nyingine ambayo pua ya binadamu haiipati. Huitoa mdudu mwindaji, yule anayeishi kwa kula wadudu wenzake, akiwaita wa aina yake waje: pana mchumba, pana chakula, au pana adui wa kung'atwa. Wataalamu huiita feromoni. Za wadudu waharibifu tumeshaanza kuzijua. Mkulima wa nyanya aliyewahi kutundika mtego wa kantangaze anafahamu kwamba ile raba ndogo iliyomo ndani imebeba harufu bandia ya nondo jike, na madume hujileta wenyewe kwenye gundi. Hapo tunamtega mwizi. Lakini kuna elimu nyingine, isiyosikika sana kwetu, ya kumwita askari.

Kiswahili chenyewe kinatuponza kidogo katika jambo hili. Anayekula hindi ni mdudu, na anayemla huyo anayekula hindi naye ni mdudu. Hata kidole kikivimba tunasema kina mdudu. Kisha ile sumu ya kuwaua wote tumeipa jina la heshima kabisa, dawa. Mtu aliyeshika dawa, mbele yake pana wadudu, unadhani atauliza nani ni nani? Atapuliza. Bwana shamba naye, kwa haki yake, akipewa dakika 10 za kuongea na watu 50 chini ya mwembe, atasema kipimo cha dawa kwa bomba la lita 15 na kuendelea na safari.

Twende kwanza mbali, halafu turudi Pangani.

Huko Marekani yupo kunguni wa mimea anayeitwa kitaalamu Podisus maculiventris. Mimi nitamwita kunguni askari, kwa kuwa wenyewe humwita hivyo na mabega yake yana miiba kama vyeo. Usimfikirie kunguni wa kitandani. Huyu ana mrija mrefu mdomoni, huuchomeka kwenye mwili wa kiwavi, akamnyonya mpaka abaki ganda. Aina za wadudu anaowala zinazidi 90. Mwaka 1984 Jeffrey Aldrich na wenzake wa kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani, Beltsville, Maryland, walieleza kilichomo katika harufu ya dume lake. Dume aliyekomaa ana tezi mbili kubwa juu ya tumbo, chini ya mabawa. Akipata mahali pazuri hukaa na kuiachia harufu hewani, na wanaomfuata ni majike na madume pia. Baadaye ikaonekana hata watoto wao, ambao hawana hamu ya ndoa, huifuata.

Orodha ya vilivyomo ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu nilipoisoma. Kuna heksenali, ambayo ni harufu ya jani linapokatwa. Kuna terpineoli, yenye harufu inayokumbusha msonobari. Kuna alkoholi ya benzili na linaloli, na hizi mbili mtu wa pwani anazifahamu bila kujua majina yake, kwa sababu zimo katika ua la asumini. Linaloli imo pia katika mrehani. Kwa maneno mengine, kunguni huyu amejifukiza na kujitia kikuba, isipokuwa kwao anayevaa kikuba ni mume.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Vitu hivyo tayari vinatengenezwa viwandani kwa ajili ya manukato, sabuni na vionjo vya vyakula, kwa hiyo kuvichanganya upya ili kumwita kunguni askari hakukuhitaji kiwanda kipya. Ndiyo maana harufu hiyo bandia ilifika madukani Marekani, ikauzwa kwa wenye bustani kama kitu cha kutundika kwenye mti mwanzoni mwa msimu, pale kunguni wanapotoka mafichoni baada ya baridi.

Mteja wa kwanza aliyekusudiwa alikuwa mkulima wa viazi. Mbawakawa wa Colorado, adui mkuu wa viazi Marekani na Ulaya, ni mdudu aliyewashinda wakemia. Amejenga usugu dhidi ya zaidi ya aina 50 za viambata vya sumu. Kila dawa mpya humpunguza kwa muda, kisha wanaosalia huzaa wenzao wasiojali. Lakini usugu dhidi ya mrija wa kunguni askari ni jambo gumu zaidi kuupata. Mwaka 1999 Aldrich na William Cantelo walichapisha matokeo ya jaribio ambamo walitumia harufu hiyo kuwakusanya kunguni mapema, wakawafuga karibu na viazi, watoto wakaingia shambani. Mbawakawa wakapungua.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana ndipo hadithi inapokolea. Harufu ikishatoka haichagui wa kuisikia. Kuna nyigu mdogo mno, Telenomus calvus, ambaye kazi yake maishani ni kutaga ndani ya mayai ya kunguni askari. Jike la nyigu huyu limejifunza harufu ya kikuba. Hulinyemelea dume linalonukia, likatulia jirani yake kama mtu aliyekaa barazani akisubiri wageni. Kunguni jike akija kwa mchumba wake, nyigu anamrukia mgongoni na kusafiri naye bila nauli. Jike likitaga, nyigu anashuka na kutaga lake humohumo, yai likiwa bichi. Wapo pia nzi ambao huifuata harufu ileile na kuweka mayai yao juu ya mwili wa kunguni mwenyewe. Funza wao humla akiwa hai. Ukiweka harufu hiyo kwenye mtego unapata kunguni, na unawapata wauaji wake wamekuja naye. Kichwa cha ile ripoti ya 1984 kiliwataja wote pamoja, na nadhani ni vizuri, kwa sababu wanaouza huwa wanataja mmoja tu.

Ukomo wa harufu uko hapo. Inawakusanya waliopo. Haizai askari hata mmoja. Ukitundika kikuba hicho katika shamba ambalo miaka mitano limepigwa sumu ya kuua kila chenye miguu sita, utakuwa umetundika mapambo. Na askari wakija wakakuta hakuna kiwavi wa kula, wataondoka, au wataanza kulana wenyewe.

Sisi tuna kisa chetu kinachofanana. Dumuzi, yule wa mahindi, aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kati, na wapo wanaomwita Skania kwa jinsi anavyosaga ghala kwa mwendo wa lori. Dume la dumuzi likipata chakula kizuri hutoa harufu kuwaita wenzake. Kule kwao kuna mbawakawa mdogo mweusi, Teretrius nigrescens, aliyejifunza kuifuata harufu hiyo mpaka kwenye meza ya dumuzi, akafika na kuwala waalikwa. Wataalamu walimleta Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Alifanya kazi mahali pengine vizuri, mahali pengine kwa kusuasua, na dumuzi bado tunaye. Kwa hiyo sitamwahidi msomaji muujiza wa harufu. Ninachodai ni kidogo kuliko muujiza, na nadhani ni kigumu zaidi kukipinga.

Nadai kwamba sisi wa pwani tuna askari tayari, wanaoitana kwa harufu bila kumsubiri mkemia, na kwamba tumekuwa tukiwachoma moto.

Ni maji moto. Mtu yeyote aliyewahi kupanda mwembe kuiba maembe ya jirani anawajua. Ni siafu wa mtini, kama tungeweza kusema hivyo, wekundu wa kahawia, wenye miguu mirefu na hasira ya kuzaliwa nayo. Nyumba zao ni majani mabichi yaliyoshonwa. Wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani wakalivuta mpaka likutane na jingine, kisha wenzao huja wameshika watoto wao mdomoni, funza wanaotoa uzi wa hariri, wakawapitisha huku na huku kama mshono wa cherehani. Jamii moja, yenye malkia mmoja, inaweza kuwa na viota vingi katika miti kadhaa. Wakikuuma hawakuchomi mwiba. Wanang'ata na kushikilia, kisha wanamwagia jeraha tindikali. Jina walilopewa halihitaji maelezo.

Kwa nini anakuuma mmoja, na kabla hujamtoa wanakuwa 40? Mwaka 1975 watafiti watatu, Bradshaw, Baker na Howse, waliichambua harufu inayotoka kwenye tezi za taya za maji moto na kuikuta imepangwa kama jeshi lenye zamu. Cha kwanza kuruka ni heksanali, chepesi, kinachosambaa haraka na kumfanya kila aliye karibu ainue kichwa. Nyuma yake kinakuja heksanoli, na hicho ndicho kivutio chenyewe, kinachowafanya wageuke na kuelekea kilikotoka. Kisha kuna viwili vizito, visivyoruka mbali, vinavyobaki palepale palipong'atwa na kuonyesha: hapa, ng'ata hapa. Ule wingi wa maji moto mkononi mwako ni sentensi ya maneno manne iliyosomwa kwa mpangilio wake. Miaka mitatu baadaye Bert Hölldobler na Edward O. Wilson walieleza kwamba siafu huyu wa Afrika ana mifumo mitano tofauti ya kuitana, mmoja wa chakula, mwingine wa kuhamia mahali papya, mingine ya vita vya mbali na vya karibu. Tena huweka matone ya alama kwenye matawi, na kila jamii inaitambua mipaka yake kwa harufu hiyo.

Nimelitazama jambo moja dogo hapo kwa muda mrefu. Heksanali, heksanoli, na ile heksenali ya kunguni wa Maryland ni ndugu wa karibu, zote zina kaboni sita, na zote ni jamaa ya harufu ya majani mabichi. Wawindaji wawili wasiojuana, bahari ya Atlantiki kati yao, wameokota maneno kutoka kwenye jani lilelile. Hili halina faida yoyote ya kibiashara ninayoijua. Nimelisema kwa kuwa limenipendeza.

Sasa minazi. Mwenye minazi anajua hatua za tunda lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Na anajua huzuni ya kuamka asubuhi akakuta vidaka vimetapakaa chini, vina makovu na utomvu ulioganda. Mara nyingi aliyefanya hivyo ni kunguni wa minazi, anayechoma tunda changa kwa mrija wake na kulitemea mate ya sumu. Kunguni mmoja au wawili juu ya mti wanatosha kuuharibia mavuno. Mwaka 1951 Mwingereza M. J. Way, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, aliandika katika jarida la Nature kuhusu mdudu huyo na uhusiano wake na siafu wa aina fulani. Mnazi uliokaliwa na maji moto ulikuwa salama. Mnazi uliokaliwa na sisimizi wengine, hasa wale wadogo wenye vichwa vikubwa wanaoishi kwenye udongo, uliangusha vidaka. Kunguni huyo leo ana jina la Way katika vitabu vya sayansi, Pseudotheraptus wayi, heshima ya ajabu kidogo kumpa mtu aliyetumia ujana wake kumpiga vita.

Tazama tarehe tena. 1951. Wazazi wetu walikuwa watoto. Tangu hapo tunajua, kwa maandishi, kwa ushahidi wa visiwa vyetu wenyewe, kwamba mlinzi wa mnazi ni maji moto. Na Way hakuacha. Mwaka 2011 jina lake lilionekana tena, miaka 60 baadaye, pamoja na Mtanzania Z. S. K. Seguni na P. Van Mele, katika utafiti wa hapa Tanzania juu ya vita vya maji moto na wale sisimizi wa vichwa vikubwa. Walichokikuta kinapaswa kuwakera mabwana shamba wengi: palipoachwa majani chini ya miti, maji moto walistahimili vizuri zaidi. Palipolimwa pakabaki udongo mtupu, sisimizi walipanda juu na kuwafukuza.

Yaani lile shamba tulilofundishwa kulisifu, lililofagiliwa kama uwanja wa msikiti, ndilo linalomfukuza askari. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kupewa zawadi ya panga na jembe kwa usafi wa shamba lake. Vidaka vilikuwa vikianguka mwaka huohuo. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, na mimi nisingeyaunganisha.

Mikorosho nayo ina habari hiyohiyo. Mbu wa mikorosho, anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka na kuwa meusi, na kunguni wa minazi ambaye huvamia korosho changa pia, wote hupungua pale maji moto walipo wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Aarhus, Denmark, wamelijaribu hilo kwenye mikorosho ya Tanzania na kwenye miembe pia, na maji moto walijibu vizuri. Nchi inayotegemea korosho kama yetu ingelipigia ngoma jambo hilo. Nimehudhuria mikutano ya wakulima huko kusini nikasikia habari ya salfa kwa ubwiriunga, habari ya mgao wa dawa, habari ya bei. Habari ya maji moto nimeisikia mara moja, na mtoa mada aliitaja ili awaambie watu namna ya kuwaua kabla ya kupogoa.

Kwenye miembe, harufu inafanya kazi kwa namna ya kinyume. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na tangu hapo amesambaa karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara. Nchini Benin watafiti walichukua maembe yaliyowahi kutembelewa na maji moto, wakawaondoa siafu, kisha wakayaweka mbele ya nzi. Nzi walisitasita. Walitaga kidogo kuliko kwenye maembe yasiyowahi kuguswa. Alama ya askari ilibaki kwenye ganda, na mwizi aliisoma. Kwa hiyo kitu kilekile kinachomwambia maji moto "njoo" au "hapa ni kwetu" kinamwambia nzi "usithubutu". Kama ningekuwa kijana mwenye maabara, hapo ndipo ningezika pesa zangu.

Wachina walianza mapema kuliko wote. Kitabu kinachohusishwa na Ji Han, cha mwaka 304, kinaeleza siafu wa aina hiyohiyo, binamu wa maji moto, wakiuzwa sokoni wakiwa ndani ya viota vyao ili watundikwe kwenye michungwa. Sokoni! Mtu alikwenda na pesa yake kununua kile ambacho mimi nimekuwa nikimlipa kijana akichome.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Maji moto wanapenda vitu vitamu, na kwa tamaa hiyo huwalinda vidugamba wanaonyonya utomvu na kutoa maji matamu. Way mwenyewe aliandika juu ya urafiki huo kwenye mikarafuu ya Zanzibar. Kwenye miembe ya Kenya imeonekana pia kwamba huwabughudhi nyigu wadogo ambao nao ni adui wa nzi wa matunda, kwa hiyo askari mmoja anaweza kumfukuza askari mwingine. Na wanauma. Dudu liumalo silipe kidole, walisema wazee, na mimi hapa nawaomba watu walipe mti mzima. Mchumaji wa karafuu, mkwezi wa nazi, mama anayeangua korosho, hao ndio wanaolipa gharama ya ulinzi huu kwa ngozi zao, na mwandishi anayekaa chini kivulini hana haki ya kuwaambia wavumilie.

Lakini nadhani ugumu wenyewe hauko kwenye maumivu. Uko kwenye maiti. Dawa ya dukani inaonyesha maiti. Unapuliza asubuhi, jioni unawakuta wadudu migongo chini, roho yako inatulia, umeiona thamani ya pesa yako. Maji moto hawaonyeshi kitu. Kidaka kisichoanguka hakipigi kelele. Mkulima hawezi kumwonyesha jirani kunguni ambaye hakuja. Harufu za kuita wawindaji, hata zile za viwandani, zina kasoro hiyohiyo: haziui chochote zenyewe, na muuzaji anayetegemea mteja arudi kila wiki mbili hana sababu ya kukuuzia kitu kinachokufanya usirudi. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa duka. Ni kazi ya serikali na vyuo, kwa jinsi ileile ambayo chanjo ya mifugo haiachwi kwa wauza nyama.

Na mpangilio wa kazi una maana. Naona vijana wetu wa sayansi wakizungumza kwa shauku juu ya kutengeneza vivutio vya hapa nyumbani, na nawaunga mkono. Lakini harufu ya tahadhari ya maji moto huyeyuka hewani kwa muda mfupi tu, na hata ukiweza kuifunga kwenye raba ikatoka polepole, itamwita nani kwenye mti uliochomwa viota vyote? Kwanza tuache kuwaua. Pili tuwajengee njia: kamba inayofungwa kutoka mti hadi mti inatosha kuwa daraja, kiota chenye malkia kinaweza kuhamishwa usiku, majani chini ya miti yafyekwe bila kung'olewa hadi mizizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Zanzibar ilijaribiwa pia kuwapunguza wale sisimizi wa vichwa vikubwa kwa chambo chenye sumu, kikawekwa chini kwa ajili yao peke yao badala ya kupulizwa juu kwa kila mtu, na maji moto wakapata nafasi ya kurudi. Tatu, baada ya hayo, ndipo harufu itundikwe, itakapokuwa na wa kuisikia.

Kwa wenzetu wa Mikocheni, ambao kituo chao cha utafiti kimeshughulika na minazi kwa miaka mingi: maarifa haya mnayo. Yako kwenye majarida ambayo mkwezi wa Pangani hawezi kuyasoma. Yatoeni kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja yenye picha ya kiota na picha ya kidaka kilichochomwa, muibandike kwenye ofisi ya kila kijiji chenye minazi. Kwa wanaoandaa mafunzo ya mabwana shamba: ongezeni swali moja tu kwenye daftari lao la ukaguzi, "Miti mingapi ina maji moto?", na muwalazimishe kuhesabu kabla hawajaandika jina la dawa yoyote.

Mimi nimeshahesabu. Katika minazi yangu 63, maji moto wamebaki kwenye 11, yote ikiwa upande wa jirani ambaye hulima kwa uvivu. Nilipomwambia mkwezi wetu kwamba mwaka huu hatuchomi viota, alinitazama kama mtu aliyeugua.

"Kaka, unajua wanavyouma wale?"

"Najua."

"Hujui. Wewe huonekani huko juu."

Akasema kwa kila mnazi wenye maji moto anataka nyongeza, na atapaka majivu mikononi na miguuni kabla ya kukwea, na kazi ataifanya asubuhi sana kabla hawajachangamka. Nilibishana naye kuhusu kiasi, nikaaibika, nikakubali. Nyongeza hiyo ni ndogo kuliko bei ya chupa niliyokuwa nikinunua, na tangu mwezi uliopita nimeanza kuilipa.